'Inasemekana' si ushahidi: Nani aijuaye siku aliyozaliwa Mekatilili?

Wiki hii naomba nianze kwa kukiri kosa. Kosa lenyewe nilitendea hapa hapa, katika safu hii, na aliyenifichulia ni msichana wa Kidato cha Tatu kutoka Marafa, kaunti ya Kilifi.

Nilikuwa nimealikwa Marafa na shule moja ya upili kuzungumza na wanafunzi kuhusu uandishi wa wasifu. Aliyewahi kufika huko anaijua safari: unatoka Malindi, unavuka daraja la Mto Sabaki, unaiacha barabara kuu na kuingia bara, vumbi jekundu likikufuata mpaka Marafa. Watalii huenda kuliona bonde lile la majabali mekundu na meupe liitwalo Nyari. Wenyeji watakusimulia kwamba hapo paliishi jamaa tajiri waliooga maziwa ya ng'ombe wao wakati wenzao wakilala njaa, na Mungu akawadidimiza. Msimulizi huanza kwa kusema, "Wazee wetu walituambia." Kumbuka maneno hayo matatu, tutayarudia.

Baada ya mazungumzo, msichana huyo alinijia na daftari lake. Alikuwa ameandika wasifu wa Mekatilili wa Menza, yule shujaa wa Wagiriama aliyewapinga Waingereza mnamo 1913 na 1914. Kwao ni upande wa Bungale, si mbali na kaburi la shujaa huyo. Katika aya ya kwanza aliandika kwamba mwaka aliozaliwa Mekatilili haujulikani, na kwamba Mekatilili silo jina alilopewa utotoni. Mwalimu wake alikuwa ameikata sentensi ya kwanza kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "1860. Thibitisha!"

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "mimi nimeulizia nyumbani. Hakuna anayeujua mwaka huo. Sasa nithibitishe vipi?"

Nilimuuliza mwaka wa 1860 ulitoka wapi. Akafungua kurasa za mwisho za daftari, akanionyesha kipande cha gazeti ambacho mwalimu alikuwa amewagawia darasani kwa nakala. Nilikitazama, nikaona picha yangu juu yake.

Jina ni ushahidi

Hebu tuanze na sentensi ya pili ya msichana huyo, ile ambayo haikukatwa. Ni kweli kabisa. Jina la utotoni la shujaa huyu ni Mnyazi. Wengine huandika Manyazi. Alikuwa Mnyazi wa Menza, yaani Mnyazi binti Menza. "Me" katika Kigiriama hufanya kazi ya "Mama" katika "Mama Fulani". Mwanamke anapojifungua mtoto wa kwanza, jamii humwita kwa jina la mtoto huyo. Mekatilili basi ni Mama Katilili.

Ukishalijua hilo, una kipimo cha kuhakiki mengi uyasomayo. Wasifu wowote unaosema kwamba "Mekatilili alizaliwa akiwa mtoto wa Menza" umeshachanganya mambo mawili ambayo yanatenganishwa na miaka mingi. Aliyezaliwa ni Mnyazi. Mekatilili alipatikana siku Katilili alipozaliwa. Vilevile, mwandishi anayemwita "Bi Menza" amechukua jina la baba na kuligeuza jina la ukoo kwa desturi za Ulaya. Kuna orodha za mtandaoni zinazompanga chini ya herufi M ya Menza, kana kwamba alikuwa na hati ya kusafiria.

Mtu atasema, hayo ni mambo madogo. Si madogo. Jina ni habari ya kwanza ya wasifu. Mwandishi akilikosea jina, nami nina haki ya kutilia shaka tarehe anazonipa kwenye mstari unaofuata. Isitoshe, hili la jina halihitaji nyaraka za London wala za Nairobi. Linahitaji mtu anayejua Kigiriama, na hao Marafa wamejaa.

Tarehe zilizotoka hewani

Sasa tuje kwenye mwaka. Maandishi yanayozunguka mtandaoni na vitabuni hayakubaliani. Mengine hutaja miaka ya 1840, mengine miaka ya 1860. Kifo chake huwekwa 1924 na wengine, 1925 na wengine. Tofauti ya kifo ni mwaka mmoja; ya kuzaliwa ni miaka ishirini.

Hesabu uone uzito wake. Kama alizaliwa 1840, basi mwaka wa 1913 alipokuwa akizunguka vijijini kuwahamasisha watu wake kwa ngoma ya kifudu na kuwalisha viapo huko Kaya Fungo, alikuwa ajuza wa miaka 73. Kama alizaliwa 1860, alikuwa mama wa miaka 53. Hawa ni watu wawili tofauti. Fikiria pia ile safari inayosimuliwa sana: kwamba yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walipopelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi, walitoroka na kurudi kwao kwa miguu, umbali ambao wasimulizi hukadiria kuwa kilomita elfu moja hivi. Mwanamke wa miaka 53 kutembea hivyo ni ushujaa. Wa miaka 73 ni karibu na muujiza. Msomaji ana haki ya kujua anaambiwa lipi kati ya hayo mawili.

Je, inawezekana kuupata mwaka wenyewe? Sheria ya kusajili vizazi na vifo nchini ilianza kutumika 1928, wakati Mekatilili ameshalala kaburini, na hata baada ya hapo ilichukua miongo mingi kuwafikia Waafrika wote. Hakuna cheti. Wagiriama walikuwa na njia zao za kuhesabu wakati. Walikuwa na wiki ya siku nne, na hadi leo utakutana na akina Jumwa ambao jina lao ni la siku mojawapo kati ya hizo. Walikuwa na marika. Walikuwa na majina ya njaa kuu, kama ile ya Mwakisenge ya miaka ya 1880. Kwa njia hizo mtu angeweza kusema: fulani alikuwa mwari wakati wa njaa ile, au fulani ni wa rika la fulani. Hiyo ni habari nzuri, tena yenye thamani. Lakini haiwezi kuzaa "1860" peke yake. Lazima mtu mwingine aje, apige hesabu, akadirie. Ukadiriaji si dhambi. Dhambi ni kuuficha.

'Mnamo' na ndugu zake

Hapa ndipo sisi wa lugha tunapoingia, kwa sababu ukadiriaji hufichwa kwa maneno.

Mchukue huyu "mnamo". Wakongwe wetu walilitumia neno hili kwa maana ya "karibu na wakati fulani". Mnamo saa tatu ilikuwa saa tatu hivi, labda imepita kidogo, labda bado. Leo sisi wanahabari tunaandika "mnamo tarehe 17 Oktoba 1913" tukimaanisha siku hiyo hasa, wala si ya kabla yake. (Nami nimelitumia hivyo hivyo hapo juu.) Neno lililokuwa la makadirio limekuwa la uhakika. Sibishani na mabadiliko ya lugha; lugha ni mto. Ila tazama kinachotokea mtu anapotafsiri wasifu kutoka Kiingereza kuja Wikipedia ya Kiswahili, ambayo imekuwapo tangu 2003 na ambayo makala yake mengi ni tafsiri. Kule ameandikiwa kialama cha kuonyesha kwamba mwaka ni wa kukisia. Huku anaandika "alizaliwa mnamo mwaka wa 1860". Huenda yeye alikusudia "karibu na". Msomaji wa leo anasoma "katika". Shaka imevukia mpakani ikapotea, na hakuna aliyesema uongo.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kukadiria. Tuna "takriban", "yapata", "karibu na", "baina ya". Tuna "hivi" la kuwekwa mwishoni: miaka ya 1860 hivi. Mwandishi anayeyaacha yote hayo na kuchagua tarakimu nne zilizo uchi anatuahidi jambo. Anatuahidi kwamba ameona.

Kisha kuna "inasemekana". Hili nalo lina ujanja wake. Ni kitenzi "sema" kilichovikwa kiambishi cha kutendeka, na kauli hiyo ina tabia ya kumficha mtenda. Mlango umefungika: nani kaufunga? Haijulikani. Inasemekana: nani kasema? Haijulikani. Wengi wetu hudhani tukiandika "inasemekana" tumekuwa waangalifu. Kwa kweli tumekuwa waoga. Mlinganishe na yule msimulizi wa Nyari. Yeye alisema, "Wazee wetu walituambia." Kitenzi chake kina mtenda, kina wakati, kina mpokeaji. Ukitaka kumfuatilia unaweza: wazee gani, wa kijiji gani, lini? Mtu asiye na shahada hata moja anatushinda sisi maprofesa kwa kanuni ya kwanza ya utafiti, nayo ni kutaja chanzo chako.

Lisemwalo lipo

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Walikuwa wakitahadharisha kuhusu fununu. Hawakujua kwamba siku moja litatokea jambo ambalo litakuja *kwa sababu* limesemwa.

Mfano maarufu ulitokea Ujerumani mwezi Februari 2009. Karl-Theodor zu Guttenberg aliteuliwa waziri wa uchumi. Bwana huyu ana msururu mrefu wa majina ya kupewa. Mtu asiyejulikana akaingia Wikipedia ya Kijerumani na kumpachika jina moja zaidi, Wilhelm. Magazeti yakiwa mbioni kumtambulisha waziri mpya, yakanakili orodha ile pamoja na Wilhelm wake. Gazeti la *Bild* likaiweka ukurasa wa kwanza. Watu walipohoji jina hilo huko Wikipedia, jibu likawa tayari: mbona magazeti yameliandika? Kamusi elezo ikalitegemea gazeti, gazeti likaitegemea kamusi elezo, na katikati hapakuwa na mtu aliyemuuliza mwenye jina.

Miaka minne kabla yake, huko Marekani, mwanahabari mkongwe John Seigenthaler aligundua kwamba wasifu wake ulikuwa na uzushi uliomhusisha na mauaji ya Rais Kennedy. Uzushi ule ulikaa miezi minne. Tukio hilo lilichangia kuifanya Wikipedia iwe kali kuhusu watu walio hai: habari yenye utata isiyo na chanzo huondolewa mara moja, na tarehe kamili ya kuzaliwa haifai kuwekwa ila kama imeshachapishwa kwa upana na mwenyewe hana pingamizi. Kanuni hii ina maana kubwa hata kwetu, ambapo mtu akishajua jina lako kamili na siku yako ya kuzaliwa ameshapata nusu ya anachohitaji kujifanya wewe kwenye simu.

Lakini Mekatilili hayuko hai kujitetea, wala hana wakili. Na duara la Wilhelm nimelichora mimi mwenyewe, kwa udogo wake. Miaka kadhaa iliyopita niliandika hapa makala kuhusu mashujaa wa Pwani. Nilikuwa nachelewa. Nilichungulia mtandaoni, nikaona 1860, nikaandika "mnamo 1860" bila tanbihi wala haya. Mwalimu wa Marafa, mtu mwenye bidii anayewatafutia wanafunzi wake cha kusoma, akakata makala ile. Kwake yeye gazeti ni chanzo kinachoaminika, na aliyeandika ni profesa. Kisha akamkata msichana wa Bungale aliyeandika ukweli. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya uvivu wa mwandishi ilitoka Nairobi ikafika Marafa bila kuchoka.

Je, tumuulize mwenyewe?

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: habari za mtu muulize mwenyewe. Hapana, si rahisi hivyo.

Mwandishi wa Marekani Philip Roth alijaribu mwaka wa 2012. Wikipedia ilikuwa ikieleza kwamba mhusika mkuu wa riwaya yake moja alitokana na mtu fulani. Roth akasema sivyo, mimi ndiye niliyeandika, ninajua nilimfikiria nani. Akajibiwa kwamba pamoja na heshima zote, kauli yake inahitaji chanzo kingine. Akalazimika kuandika barua ndefu ya wazi katika jarida la *The New Yorker*. Ilipochapishwa, ikawa chanzo. Wengi walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikafikiria Bi Kidude, nikaacha.

Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wa Unguja, alifariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mkongwe wa taarab na unyago anayejulikana duniani. Alikuwa na umri gani? Tanzia zilikadiria, tena hazikukubaliana. Yeye mwenyewe hakuijua tarehe. Kauli iliyozoeleka kuhusu umri wake ni kwamba alizaliwa zama za rupia. Waandishi wengi waliichukua kauli hiyo kama ushahidi wa ukongwe mkubwa ajabu. Lakini tuihakiki. Bara, rupia iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Zanzibar iliendelea kutumia rupia yake hadi 1936. Kwa hiyo "zama za rupia" kwa mtu wa Unguja ni wakati wowote kabla ya 1936, si lazima kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kauli ile ni ya kweli, ila haithibitishi tulichotaka ithibitishe.

Hata hivyo haimaanishi kwamba hatujui lolote. Inasimuliwa na waliomjua kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, ambaye alikwenda Bombay kurekodi nyimbo mwaka wa 1928. Ukiunganisha hili na lile unapata kisia la busara: mtoto au kigoli wa miaka ya 1920. Mwaka wa 1910 unaotajwa sana unawezekana. Lakini kuna umbali kati ya "unawezekana" na "ni".

Hakuna mtu aliyeishuhudia siku yake ya kuzaliwa kwa akili timamu. Sote tuliambiwa. Na nyota wa leo, awe mwanamuziki wa Mombasa au mwigizaji wa Dar es Salaam, ana sababu zake za kupunguza miaka miwili au kuongeza mmoja. Ukiona nyota au mwanasiasa mkongwe amezaliwa 1 Januari, usimbishie, ila jiulize kama tarehe ile ilitoka kwa mkunga au kwa karani aliyekuwa na kisanduku cha kujaza. Wikipedia basi haikukosea ilipotaka chanzo cha pili. Kosa liko kwingine.

Waliomfunga ndio waliomwandika

Kosa liko kwenye swali la nani ahesabiwe kuwa chanzo.

Kanuni ya Wikipedia ni kwamba habari iwe imechapishwa mahali panapoaminika. Kwa waziri wa Ujerumani, kanuni hiyo inafaa. Kwa Mekatilili, ifikirie vizuri. Ni nani waliokuwa wakiandika habari zake akiwa hai? Ni maafisa wa serikali ya kikoloni: Arthur Champion aliyetumwa kuwatawala Wagiriama na kuwatoza kodi, na wakubwa wake kama Charles Hobley. Ni watu walioamuru akamatwe Oktoba 1913, walioibomoa Kaya Fungo kwa baruti mwaka wa 1914, na waliowahamisha Wagiriama kwa nguvu kutoka kaskazini mwa Mto Sabaki. Marafa iko kaskazini mwa Sabaki. Bungale pia. Mekatilili amezikwa katika ardhi ambayo waandishi wa nyaraka hizo walitaka asiwe na mtu wake hata mmoja.

Sisemi nyaraka hizo ni uongo. Nyaraka za adui zina faida yake. Mlinzi wa jela huandika tarehe vizuri. Siku aliyokamatwa tunaijua kwa sababu aliyemkamata alikuwa na kalamu. Mwanahistoria Cynthia Brantley alizisoma nyaraka hizo, akawasikiliza pia wazee wa Kigiriama, na kitabu chake cha 1981 kuhusu Wagiriama na ukoloni ni mfano wa vyanzo viwili kuwekwa mizani moja. Lakini mlinzi wa jela hakujua, wala hakujali, mfungwa wake alizaliwa lini, alipenda nini, alimlilia nani.

Tazama jinsi pengo hilo linavyojazwa ovyo. Baadhi ya maandishi yanasema Mekatilili alipelekwa Mumias, mengine Kisii. Baadhi yanasema alikaa uhamishoni miaka mitano, mengine kwamba alitoroka baada ya miezi michache. Wasifu wa mtandaoni hupenda kuyaweka haya ya mwisho kama ugomvi: serikali inasema hivi, hadithi zinasema vile, chagua. Kumbe yanaweza kuwa kweli yote mawili. Mtu anaweza kutoroka Januari 1914, akarudi kwao, akakamatwa tena mwaka huo huo, kisha akaachiliwa 1919. Wanahistoria wanaosimulia hivyo wapo. Anayeona ukinzani ni yule aliyesoma sentensi mbili bila kuuliza kila moja inahusu kukamatwa kupi.

Kuna pia kile kisa cha kuku. Wagiriama husimulia kwamba Mekatilili alileta kuku na vifaranga mbele ya Champion, akamwambia amchukue kifaranga mmoja aone mama yake atakavyofanya, na ndivyo nao watakavyofanya akiwachukua vijana wao kuwa askari. Wengine huongeza kwamba alimzaba Mzungu kofi. Je, yalitokea hivyo hasa? Hapa mwandishi wa wasifu ana njia mbili mbaya na moja nzuri. Njia mbaya ya kwanza ni kuandika "Mekatilili alimpiga Champion kofi", tarehe na yote. Ya pili ni kufuta kisa chote kwa sababu hakina karatasi. Njia nzuri ni kuandika kwamba Wagiriama husimulia hivi, na kutaja ni wa wapi. Kwa kuwa hata kama kofi halikupigwa, kule kulisimulia kwa miaka zaidi ya mia moja ni tukio la kihistoria lenyewe.

Wikipedia wenyewe waliwahi kulijaribu hili. Mwaka wa 2011, Achal Prabhala aliongoza mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi sauti za watu na kuzifanya marejeo. Makala ilitaja mazungumzo yaliyorekodiwa kama inavyotaja kitabu. Jaribio lile lilizua ubishi mwingi, lakini mlango umeshaonyeshwa.

Hakiki ni nduguye haki

"Thibitisha!" aliandika mwalimu. Neno zuri, limetokana na "thabiti", kitu kisichotikisika. Ila mimi napendelea "hakiki". Liko ukoo mmoja na "hakika" na "haki". Anayehakiki wasifu anatafuta hakika, na anamtendea haki anayeandikwa. Ndiyo maana sisi wa fasihi tunaitwa wahakiki. Hatuko hapa kupamba vitabu.

Kwa hivyo ninapendekeza mambo matatu kwa walimu, wanahabari na vijana wanaojitolea kuandika kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ambao kazi yao naiheshimu sana.

Kwanza, kwa kila tarehe ya kuzaliwa, uliza: aliyeisema aliijuaje? Kama jibu ni "aliinakili", endelea kurudi nyuma mpaka umfikie mtu aliyeona, aliyesikia au aliyekadiria. Usipomfikia, andika hivyo.

Pili, tuyarudishie maneno yetu kazi zake. "Takriban" itumike pale tunapokadiria. "Mnamo" tuliache kwa yenye tarehe, maadamu wasomaji wameshalizoea hivyo. "Inasemekana" tulipumzishe, na mahali pake tuandike "kwa kauli ya": kwa kauli ya wazee wa Bungale, kwa kauli ya barua ya afisa wa wilaya, kwa kauli ya msanii mwenyewe katika mahojiano.

Tatu, "haijulikani" ni jibu kamili. Haistahili kalamu nyekundu. Mwanafunzi aliyeulizia nyumbani kwao, akakosa, akaandika kwamba amekosa, amefanya utafiti zaidi ya profesa aliyechungulia simu.

Leo Mekatilili ana sanamu Malindi, na Agosti 2020 Google walimchora kwenye ukurasa wao wa mbele, ulimwengu mzima ukamwona. Ni heshima kubwa. Lakini kila anapokuwa mashuhuri zaidi ndivyo wanaonakili wanavyoongezeka, na ndivyo wanaouliza wanavyopungua.

Kabla sijaondoka Marafa nilimwendea mwalimu yule, nikamwambia kwamba msichana ana haki, na kwamba mkosaji ni mimi. Alicheka, akaniambia, "Sawa, Prof, lakini hawa watoto wanataka karatasi. Andika basi gazetini." Msichana alikuwa bado amesimama na daftari lake.

Basi karatasi ndiyo hii. Niliandika katika safu hii kwamba Mekatilili wa Menza alizaliwa mnamo 1860. Sikuwa na ushahidi. Mwaka aliozaliwa haujulikani. Maandishi yaliyopo hukadiria baina ya miaka ya 1840 na miaka ya 1860. Alizaliwa akiitwa Mnyazi. Mwalimu, tafadhali mrudishie mtoto alama zake.